Uzio wa Katibu

Kobe wa marehemu Mzee Aminieli alikutwa amefungwa kamba mguuni chini ya mti wa kahawa, na kwa bahati mbaya aliyemkuta alikuwa afisa wa wanyamapori.

Bi Zita hakuja kwa ajili ya kobe. Alikuwa amepanda kutoka Bomang'ombe kusikiliza vilio vya watu wa Machame juu ya kima wanaomaliza mahindi, akapita kwa Tabitha kuomba maji ya kunywa. Akapewa, akanywa, akashukuru. Alipogeuka kuondoka ndipo macho yake yalipoangukia ile kamba ya katani.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Katibu," Tabitha alijibu, kama anayetambulisha mgeni kanisani.

Jina hilo alilitoa marehemu mwenyewe, enzi zile anafuatilia malipo yake ya kahawa. Alisema hajapata kuona kiumbe mwingine asiye na haraka na shida za watu kama katibu mmoja aliyekuwa akimzungusha, isipokuwa huyu kobe. Jina likakaa, na katibu mwenyewe akafa bila kujua kwamba ana wajina mwenye gamba.

Bi Zita alichuchumaa, akainua mguu wa kobe. Kamba ilikuwa imeingia kwenye ngozi. Isack, mwana wa Tabitha, akatokea migombani na panga mkononi, akaona mgeni amechuchumaa pale, akatamani arudi alikotoka.

"Nani kamfunga?"

"Mimi, dada. Anavuka kwa baba mdogo anakula mboga zake za mnafu. Tumelalamikiwa mpaka tumechoka."

"Kwa hiyo dawa ni kamba?"

Isack aliinama. Alikata kamba kwa panga, taratibu, huku mama yake akimtazama.

"Marehemu alikuwa na kibali cha kumfuga," Bi Zita alisema, "nasi tunaweza kukihamisha. Lakini siwezi kuwaachia kobe afungwe kama mbuzi. Mjengeeni uzio. Mkubwa, atembee mpaka achoke mwenyewe. Pawe na jua, pawe na maji, pawe na mahali pakavu pa kulala, maana huyu ni wa kule chini kwenye joto, baridi yenu ya Julai itamuua. Nitapita Ijumaa ya wiki ijayo. Nikikuta kamba tena, nashuka naye."

"Unashuka naye wapi?" Tabitha aliuliza.

"Kuna mahali wanatunza wanyama, mama. Wanatunza vizuri tu."

"Alikuja hapa huyu Isack hajazaliwa. Siku hiyo uje na gari lenye viti viwili, nami nitapanda."

Bi Zita alidhani ni utani, akacheka. Isack aliyemjua mama yake hakucheka. Mzee Aminieli alipozikwa, vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi, kila mtu akaondoka na chake, na Katibu akabaki uani kwa kuwa hakuna aliyemtaka. Tabitha akamchukua. Kila asubuhi alimkatia majani, akakaa kwenye kigoda na kumpa habari za usharika, nani kaoa, nani kagombana na mchungaji, sawasawa na alivyokuwa akimpa mumewe. Kobe alikuwa akinyoosha shingo na kutafuna. Mumewe naye hakuwa msemaji. Kumpoteza Katibu kungekuwa kuzika mara ya pili, na Tabitha hakuwa na nguvu hizo tena.

*

Kesho yake Isack alishuka sokoni Kwa Sadala, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaja wavu wa chuma, nguzo na saruji, akitaja haraka haraka ili asiulizwe. Akaulizwa.

"Banda la kuku?" mwenye duka alisema, akipiga hesabu kwenye simu.

"La mnyama."

"Mnyama gani?"

"Kobe."

Duka lote likacheka. Mwanamume mmoja aliyekuja kununua rangi alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Mwenye duka akageuza simu kumwonyesha jumla, na jumla ile ilikuwa bei ya ndama na chenji juu.

"Kaka, kwa hela hiyo nunua kobe wa pili, wawe wanalindana."

Isack alinunua misumari kilo moja, ili tu asionekane ametoka mikono mitupu, akapanda mlima. Lakini habari ilikuwa imemtangulia. Watu aliowapita walimwamkia vizuri, kisha wakamuuliza kobe anahamia lini kwenye ghorofa yake.

Alimkuta mkewe, Hellen, anaponda kiburu cha ndizi na maharage kwenye chungu. Akamweleza bei, akamweleza na kicheko. Hellen aliacha mwiko ndani ya chungu akamwangalia.

"Wavu wa nini? Kuku anaruka, mbuzi anaruka. Kobe amewahi kuruka lini?"

Isack akaweka misumari chini. Kweli kobe hajapata kuruka.

"Ukuta wa kufika magotini unamtosha," Hellen aliendelea. "Pale kwenye mashine ya mbao kuna mabanzi ya magogo wanayachoma kila siku. Nenda kaombe."

Hakuishia hapo. Alimpigia simu Bi Zita kuuliza kama mabanzi yatakubalika, na Bi Zita akamwambia ni bora kuliko wavu, ila wayachimbie chini kidogo, maana kobe huchimba. Kobe akiona ng'ambo ya pili atasukuma kutwa nzima mpaka pua itoke damu. Asipoona, anaridhika na alipo.

"Kumbe ni kama wanaume," Hellen alisema, na huko Bomang'ombe Bi Zita akacheka.

Siku hiyo nyumba ilikula kiburu kwa raha. Uzio uliokuwa na bei ya ndama sasa ulikuwa na bei ya jasho, na jasho Isack alikuwa nalo.

*

Kazi ilikuwa mahali pa kuuweka. Kihamba cha Kichagga, shamba linalozunguka nyumba, hakina jua la kugawa. Juu migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na kobe wa kule chini anataka kuota jua. Palikuwa na mahali pamoja tu, ule upande wa mpakani na kwa Eliufoo, mdogo wake marehemu, ambako mti mkubwa wa mringaringa ulianguka wakati wa masika ukaacha mwanya. Jua liliingia pale kuanzia asubuhi. Mwanya wenyewe ulikuwa nusu huku, nusu kwa Eliufoo, na nusu ya huku haikuwa kubwa.

Isack alikokota mabanzi kwa toroli, akachimba mtaro, akayasimamisha na kuyagongea vigingi. Pande tatu zilikwisha vizuri. Kabati bovu lililokuwa stoo likalazwa chini, likainuliwa kwa mawe na kutandikwa majani makavu ya migomba, likawa chumba cha kulala. Hellen alizamisha karai la zamani ardhini, akalitia maji ya kufika kwenye kiganja. Tabitha alikagua kila siku na kusema mlango wa chumba ni mwembamba, Katibu ni mtu mzima, upanuliwe.

Kisha mabanzi yakakatika. Mwenye mashine ya mbao, alipoona toroli linarudi kila siku, alianza kujiuliza kwa nini anachoma mali. Isack alipokuja kwa ajili ya upande wa nne aliambiwa kila banzi sasa lina bei yake. Takataka ya juzi imekuwa bidhaa.

Siku hiyo Hellen alikuwa sokoni na ndizi, Tabitha yuko kwenye ibada ya wanawake. Wangekuwapo nyumbani wangempigia kelele. Isack alisimama peke yake mbele ya upande ulio wazi, akawaza ua wa mimea, mimea iliyobanana, isiyogharimu kitu. Macho yakaenda kwenye masale, ile mimea ya majani marefu ya mpakani, yamekua mpaka yamebebana. Akachukua jembe. Aliyang'oa na mizizi yake, yale aliyoona yamezidi, akayapanda upya mstari mmoja, yakashikana vizuri, akarudi nyuma kuyatazama na kujipongeza.

Kwa Wachagga isale halipandwi kwa uzuri wake. Wazee wakikubaliana mpaka, hupanda isale, na tangu hapo isale ndilo shahidi, halihongwi wala halihami. Jirani anaweza kukuibia mkungu wa ndizi na Jumapili mkapeana mikono kanisani. Akigusa isale la mpaka, wajukuu wataambiwa. Isack alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Ila mtu mwenye haraka huchagua la kukumbuka.

"Isack! Isack wa Aminieli!"

Eliufoo alikuwa amesimama kando ya mashimo, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Shikamoo yako iweke! Kaka yangu hajamaliza mwaka kaburini, umeshaanza kuning'olea mpaka?"

"Sio mpaka, baba mdogo. Ni uzio wa kobe. Nimepunguza yaliyozidi tu."

"Yaliyozidi! Nani alikupa kazi ya kuyahesabu? Wenzako wanachukua ardhi za watu kwa mahakama, wewe unachukua yangu kwa kobe!"

Watu wakaanza kuchungulia kutoka migombani, kila mmoja akijifanya amepita kukata majani ya ng'ombe. Isack alishika jembe, akasema atayarudisha yote sasa hivi.

"Thubutu! Ukirudisha wewe utarudisha unapopataka wewe. Hakuna kugusa kitu hapa, wala isale wala banzi, mpaka ukoo ukae."

"Ukoo unakaa lini?"

"Jumapili."

Ijumaa ilikuwa kabla ya Jumapili. Upande wa nne ulikuwa masale yaliyopandwa siku hiyo hiyo, ambayo kobe mzima angeyapita kama mtu anayepita pazia, na hapakuwa na ruhusa ya kugusa chochote. Isack alikaa kwenye toroli akashika kichwa.

Tabitha aliporudi kutoka kanisani, hakuhitaji kuambiwa. Njia nzima alikuwa ameambiwa. Alikwenda moja kwa moja mpakani, akayaangalia mashimo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haya masale baba yako na Eliufoo waliyapanda pamoja. Walishikana mkono, mimi nilikuwepo. Na wewe umekuja na jembe."

Hakula jioni ile. Hellen alimpelekea chakula mara mbili, na mara mbili kikarudi kama kilivyokwenda.

*

Jumatano Isack alinunua sukari kilo moja, akavaa shati safi, akaenda kwa baba yake mdogo. Eliufoo alikuwa barazani anachambua maharage. Hakumkaribisha kukaa.

"Nimekuja tuyamalize, baba mdogo."

"Na hiyo nini?"

"Sukari kidogo."

"Sukari ninayo."

Akaendelea kuchambua maharage. Isack alisimama mpaka kusimama kukawa aibu, kisha akarudi na sukari yake njia ile ile, mbele ya macho yale yale yaliyomwona akienda nayo.

"Ulipeleka nini?" Hellen alimuuliza.

"Sukari."

"Sukari ni ya kumwona mgonjwa. Yeye haumwi, wewe ndiye umekosa. Peleka isale, uombe msamaha."

"Hellen, hayo ni mambo ya wazee. Mimi hapa natajwa niwe mzee wa kanisa, nionekane nabeba majani?"

"Ulipoyang'oa ulikumbuka kanisa?"

Tabitha alikuwa amekaa jikoni kimya, akadhaniwa amesinzia. Hakuwa amesinzia.

"Anayeletewa isale hakatai," alisema. "Hata aliyeuliwa ndugu yake, zamani, hakukataa. Kesho tutakwenda, mimi na wewe. Lakini sikia, Isack. Kobe usimtaje. Ukimtaja kobe, basi hukwenda kuomba msamaha, umekwenda kuomba kazi iendelee, na Eliufoo si mtoto."

"Mama, kesho Alhamisi. Huyo dada anakuja keshokutwa. Nisipomtaja kobe..."

"Najua anakuja lini."

Alisema hivyo akainuka, akaenda kumfungia Katibu kwenye kapu chumbani kwake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Isack alitazama mlango ukifungwa. Mama yake alikuwa tayari kumpoteza kobe kuliko kuomba msamaha wa hila. Alijisikia mdogo, mdogo kuliko alivyojisikia dukani.

*

Walikwenda asubuhi, umande bado uko majanini. Isack alichuma jani la isale, mama yake akalifunga fundo kama wafanyavyo. Uani kwa Eliufoo aliinama, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, nimekosa. Niligusa kisichoguswa. Nakuomba unisamehe."

Eliufoo aliliangalia lile jani. Alimwangalia shemeji yake, aliyesimama nyuma, mikono ndani ya khanga. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia, akanyoosha mkono akalipokea.

"Nimepokea," alisema. "Kaeni."

Wakakaa. Isack alikuwa na neno moja tu mdomoni, neno la herufi nne, akalimeza.

"Hujanitajia kobe," Eliufoo alisema.

"Sikuja kwa kobe, baba mdogo."

"Mh." Aligeuzageuza jani mkononi. "Unajua nani alimbeba kutoka kule chini Kahe?"

"Si baba?"

"Si baba! Tulikwenda kutafuta mchele, wanachoma majani mashambani, kobe kazingirwa na moto. Baba yako ndiye aliyemwona, sikatai. Lakini nani aliingia kumtoa? Lori lilitushusha Kwa Sadala, yeye akabeba mchele, mimi nikapanda mlima wote na kobe kwenye gunia mgongoni."

"Akakukojolea njia nzima," Tabitha alisema. "Shati lile nilifua mimi. Halikutoka."

"Halikutoka!" Eliufoo akacheka, kicheko kikaisha ghafla. "Mlipogawa vitu vya kaka mliita ukoo mzima. Nikapewa koti. Halinitoshi, nikashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Eliufoo, na kobe je?"

Tabitha aliinamisha kichwa. Haikuwa imempitia akilini yeye wala mtu yeyote.

"Shemeji, sasa mbona ulilalamika anakula mnafu wako?"

"Nililalamika ili mje tukae tuongee! Tangu mazishi nani amekanyaga hapa? Nikasema labda mnafu utawaleta. Ninyi mkamfunga kamba." Alijipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Asubuhi nilikuwa nakaa pale bustanini namngoja avuke. Anakula, namwangalia. Kisha akaacha kuja."

Isack hakujua aweke wapi macho yake. Kumbe malalamiko yote yale yalikuwa mwaliko, na yeye alijibu kwa kamba. Ni aibu, lakini ilikuwa aibu inayopunguza mzigo, na alijikuta anapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jembe.

"Huyo mama wa serikali anakuja lini?" Eliufoo aliuliza.

"Kesho."

"Kesho, na nyie mmekaa hapa mnaniangalia?"

Akainuka kutafuta jembe lake.

*

Masale aliyarudisha Eliufoo mwenyewe, kila moja kwenye shimo lake, na Isack akaruhusiwa kumwagia maji tu. Upande wa nne ukabaki wazi tena. Isack alipouliza wauzibe na nini, mzee alimtazama kana kwamba ameuliza jina la Mlima Kilimanjaro.

"Uzibwe wa nini? Mti ule ulianguka hata kwangu. Jua lililopo hapa lipo na huku. Zungusha uje mpaka kwenye bustani."

"Baba mdogo, na mpaka?"

"Mpaka ni wa watu. Kobe hana kihamba."

Kwa hiyo uzio ukavuka. Eliufoo alitoa mbao za zizi ambalo halikuwa na ng'ombe tena, na mawe ya mfereji aliyoyarundika miaka mingi akisema yatafaa siku moja. Hellen alileta chai na ndizi za kuchoma, akabaki kushika vigingi. Watu waliokuja kuchungulia ugomvi walipewa nyundo. Jua lilipokuwa linashuka, uzio ulikuwa umefunga, mkubwa mara mbili ya ule wa kwanza, na masale ya mpaka yamesimama katikati yake bila kumzuia mtu. Tabitha alimtoa Katibu kapuni akamweka chini. Kobe alikaa kidogo akafikiri, kisha akaanza kutembea, akapita katikati ya masale, akaelekea moja kwa moja kwenye mnafu.

Bi Zita alifika Ijumaa kama alivyosema. Alizunguka uzio wote kwa miguu, akapima karai kwa kidole, akaingiza kichwa kwenye kabati, akatafuta kamba kila mahali na hakuiona. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

"Nimeona watu wanatumia mamilioni wasifike hapa," alisema. "Haya, kibali. Kinataka jina la mtu mmoja. Mama, niandike lako?"

Isack alishamwekea mama yake kigoda, na Hellen ameshamletea kitambulisho. Tabitha alikichukua, akakiangalia, akakitia mfukoni.

"Mwandike Eliufoo," alisema.

"Shemeji!" Eliufoo alisema kutoka bustanini.

"Nyamaza uandikwe. Wewe ndiye uliyeingia kwenye moto."

Eliufoo alitaja majina yake yote matatu. La mwisho alilirudia, ili lisikosewe. Tabitha alidhani moyo utamuuma kusikia Katibu anaandikwa kwa mtu mwingine. Haukumuuma. Alikuwa mwepesi, na alijua kabisa ni kwa nini. Akamgeukia mkwe wake akamwambia aongeze maji kwenye sufuria ya chai, na kuanzia kesho asipike ya watu watatu tena, apike ya wanne.